Magurudumu Manne Upande Mmoja

Harufu haina adabu. Huingia bila hodi, hukaa inapotaka, wala haikuulizi kama una nafasi. Juzi kwa jirani yangu, fundi wa magari hapa Masasi, waliburuta Landrova kuukuu isiyo na injini wakaiegemeza kwenye ua wangu. Alfajiri mvua ikalinyeshea turubai lake. Jua lilipotoka ikaja harufu ile: turubai bichi, petroli, na vumbi lililokaa kwenye chuma mpaka likasahau kwao. Nilikuwa nachambua kunde, nikaziacha. Mwanangu akaniuliza, "Mama, unaumwa?" Nikamwambia siumwi, nenda zako. Lakini nilikuwa nalia, kizee mzima mwenye vitukuu, nalilia gari la watu.

Nyinyi wenzangu wa rika langu mtanielewa. Sisi tuliozaliwa kule juu Newala, Mwingereza bado yupo na wazee wetu wanaitwa barazani kwa ajili ya kodi, hatukukua na magari. Tulikua na miguu. Maji tuliyafuata bondeni, tukashuka mteremko asubuhi tukapanda mchana na mitungi kichwani, na mtoto aliyemwaga maji njiani alikuwa amemwaga jasho la mama yake. Landrova tulizozijua zilikuwa mbili: ya Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, na ya hospitali ya wamisheni. Ya Bwana Shauri ikisikika, wanaume waliokuwa hawajalipa kodi walikumbuka ghafla kwamba wana shughuli porini. Ya hospitali ikija, hakuna aliyekimbia. Watu walikaa vibarazani mwao, wakanyamaza, wakaangalia itasimama kwa nani.

Ilisimama kwetu.

Nianze na mikono ya mama. Mama yangu alikuwa na mikono isiyoungua. Aliweza kuipua chungu motoni bila majani ya kushikia, akakitua chini taratibu kama anamtua mtoto aliyelala. Mimi nilijivuna sana kwa jambo hilo. Wenzangu walipojisifia baba zao, wengine wakata mkonge hodari, wengine waliowahi kuua nguruwe mwitu kwa mkuki, mimi nilisema, "Mama yangu moto unamwogopa." Siku moja nilimwona anageuza muhogo kwenye makaa kwa vidole vitupu, na harufu ya nyama ikapanda. Nikauliza, "Mama, leo tuna nyama?" Akautazama mkono wake. Aliutazama kwa muda mrefu, halafu akauficha ndani ya kanga.

Alikuwa na mabaka pia, mgongoni na kwenye paja, meupe kuliko ngozi yake. Kwangu yalikuwa mapambo. Bibi yangu alikuwa na chale uso mzima na ndonya, kile kipande cha mti, kwenye mdomo wa juu, kwa hiyo niliona ni haki mama naye awe na chake. Jina la ugonjwa ule sikulisikia nyumbani hata mara moja. Ukoma haukutajwa kwetu. Watu walisema "ugonjwa mkubwa", na hata hilo walilisema wakiangalia pembeni.

Baba alikuwa amekwenda kukata mkonge, na alikuwa amekawia huko kiasi kwamba nilimjua zaidi kwa jina kuliko kwa sura. Hata angekuwepo, neno la mwisho lisingekuwa lake. Kwetu Wamakonde mtoto ni wa upande wa mama, na mwenye mtoto ni mjomba. Mjomba wangu aliitwa Chilumba. Alikuwa mchongaji wa vigoda na vinu, mtu mrefu, mkavu, aliyeona maneno ni kitu cha kutumia pale kisu kinaposhindwa. Ndiye aliyetembea hadi barabarani, akamsimamisha dereva wa hospitali, akamwelekeza nyumbani kwetu. Jioni ile alipomwarifu bibi, nilikuwa nimelala mkekani, au wao walidhani nimelala.

"Chilumba," bibi alisema, "unamtoa dada yako ukampe watu wasiomjua?"

"Mama, mficha maradhi kifo humuumbua."

"Maneno hayo kamwambie mtu ambaye hakumzaa."

"Nimemwambia yeye mwenyewe. Amekubali."

Nikasikia bibi anavunja kuni, na kuni zilikuwa zimekwisha kuvunjwa.

Landrova ilikuja mwishoni mwa kiangazi, wakati vumbi la kwetu linafika magotini na majani ya mihogo yamekuwa mekundu kama udongo. Ilikuwa ya kijani, yenye turubai nyuma, tairi la akiba limelazwa juu ya boneti, na taa mbili zilizokaa karibu karibu nyuma ya wavu wa chuma, kama mtu anayekuchungulia kupitia ua. Bampa lake la mbele lilikuwa limepinda upande mmoja. Akashuka dereva, mtu mnene mcheshi jina lake Issa, Mmakua wa huko chini Masasi, akaanza kumtania bibi hata kabla ya kufunga mlango.

"Shikamoo bibi! Nimekuja kuchukua mchumba, mbona hamjanipikia?"

"Marahaba. Mchumba utamweza? Wamakua mnachoka mkipanda mteremko tu."

"Ndiyo maana nimekuja na gari."

Watu wakacheka. Hata mama alicheka. Nimeishika sauti ya kicheko kile kwa sababu ndicho cha mwisho. Nyuma ya Issa alishuka dresa, msaidizi wa daktari wa hospitali, kijana mwenye kaptula nyeupe, akasema maneno machache na mjomba pembeni. Mama akatoka ndani amevaa kanga mpya, ana kifurushi kidogo kichwani. Nikamkimbilia. Akarudi nyuma hatua moja, akapeleka mikono yake yote miwili mgongoni.

Nikafurahi sana. Nilidhani ameficha kitu cha kunipa.

"Mama, umeficha nini?"

Alinitazama. "Nitakuletea nikirudi, Somoe. Kaa na bibi. Usimsumbue."

Akapanda nyuma, akakaa kwenye benchi la chuma chini ya turubai, mahali penye giza. Sikumwona tena. Niliona kona ya kanga yake tu, halafu vumbi.

Kwetu mtu akisafiri, nyuma yake hakufagiliwi. Ukifagia umezifuta nyayo zake, na asiye na nyayo atarudi kwa njia gani? Kwa kawaida ni siku ileile tu. Kesho yake watu hushika mifagio, maisha yanaendelea. Bibi hakufagia kesho yake. Hakufagia wiki nzima. Majani ya mkorosho yalirundikana uani, kuku wakachakura watakavyo, na jirani mmoja aliyekuja kuomba moto akasema nyumba imekuwa kama ya wachawi. Katikati ya uchafu ule zilibaki alama za Landrova, mistari miwili mipana yenye meno meno, imeingia uani, imezunguka, imetoka. Niliziwekea miba pande zote mbuzi wasizikanyage. Nilipita pembeni kila nilipotoka. Nilielewa, kwa akili yangu ile, kwamba mama yuko upande wa pili wa mistari ile, na kwamba ikiwepo mistari, yupo.

Basi mvua za kwanza zikanyesha. Watu wazima walishangilia, maana mvua za kwanza ni kupumzika safari za bondeni. Kila nyumba ilitoa vyungu na masufuria kukinga maji ya paa. Mimi nililia kwa kelele mpaka bibi akadhani nimeumwa na nge. Uwanja ukawa laini, mwekundu, mtupu. Nikachukua kijiti nikajaribu kuirudisha mistari palepale. Ikafutika. Nikachora tena. Ikafutika tena. Hapo ndipo nilipopata wazo ambalo nyinyi mtalicheka, lakini mimi sijaweza kulicheka mpaka leo: kama siwezi kutunza njia, nitatunza gari lenyewe. Nitalichora mahali ambapo mvua haifiki, nilichore sawasawa, kila kitu chake, nalo litajua kwamba linangojwa.

Ukuta wetu wa kibarazani ulikuwa umesilibwa kwa udongo mweupe. Nikachukua mkaa jikoni, nikaanza.

Mwanzo haukuwa gari. Nilichora sanduku, juu yake sanduku lingine, na chini magurudumu. Magurudumu niliyachora manne, yote upande mmoja, yamepangana. Mjomba Chilumba alipita na shoka begani, akasimama.

"Huyu jongoo wa nani?"

"Si jongoo. Ni Landrova."

"Landrova gani ina miguu hivi?"

"Ina manne. Niliyahesabu."

"Ukisimama upande mmoja unaona mawili."

"Kwani hayo mengine mama atayaacha hospitali?"

Mjomba akacheka puani akaenda zake. Nami sikuyafuta. Nilikuwa mbishi, na bado ni mbishi. Waulizeni watoto wangu. Gari la magurudumu mawili lisingeweza kuupanda mteremko wa Newala, hilo kila mtu alilijua.

Kipindi kile mjomba alikwenda kumwona mama. Alishuka kwa miguu, akalala njiani, akarudi na habari. Mama anapewa vidonge, mabaka yanafifia, anakula vizuri, anakusalimia. Safari ya pili vivyo hivyo: vidonge, anakusalimia, amesema usichezee maji ya mvua. Kila salamu ilinipa nguvu ya kuchora. Nilikosea, bibi akasiliba ukuta, nikaanza upya. Udongo ule mweupe ulitoka bondeni, umbali uleule wa maji, na bibi alikuwa mzee, lakini hakunikataza hata siku moja. Alisema tu, "Safari hii usilipe masikio." Masikio aliyoyasema yalikuwa milango.

Mtama ulipoanza kushika punje, ghafla nikaambiwa niende kwa mama mdogo, mashamba ya mbali, kuamia ndege. Sikushangaa; kuamia ndege ni kazi ya watoto. Nilikaa huko nikipiga debe na kupayuka mpaka sauti ikakauka. Niliporudi nyumbani, nilimkuta bibi amenyoa nywele zote. Nikamkuta mjomba amenyoa. Mama mdogo aliyenirudisha naye alipofika akakaa chini, akanyolewa palepale. Nikawauliza kulikoni.

"Chawa," bibi akasema.

Nikacheka mpaka nikakaa chini. Ukoo mzima, wazee na ndonya zao, wameshindwa na chawa! Nikawapigia kifua kwamba mimi kichwa changu ni safi. Bibi akanivuta katikati ya magoti yake, akashika wembe. "Na wewe pia, mwanangu," akasema, "chawa wa ukoo huu hawachagui." Akanikata kidogo juu ya sikio, nikapiga ukelele, naye akaanza kulia. Nikamwambia, "Bibi, siumii sana." Nilimbembeleza mimi.

Mama yangu alikuwa amekufa. Nawaambia nyinyi sasa, waziwazi, kwa sababu mimi sikuambiwa. Habari ilifika nikiwa kule mashambani. Walikuwa wamemzika huko huko hospitali, na nyumbani wakakaa matanga bila mimi. Kwetu mtoto mdogo hakuambiwa kifo. Aliambiwa mtu amesafiri, na kwa kuwa mama alikuwa amesafiri kweli, hawakuhitaji hata kutunga uongo mpya. Nilinyolewa nywele za msiba wa mama yangu huku nawacheka wafiwa.

Nilichokiona mimi ni kwamba mjomba amebadilika. Siku chache baada ya wembe ule alikuja kibarazani, akaweka shoka lake chini, akachuchumaa kando yangu mbele ya ukuta.

"Haya. Hebu tulione hilo gari lako."

Nikafikiri ni kwa sababu nimeanza kuchora vizuri. Akaenda kuleta kigoda alichokuwa amekimaliza, chenye miguu mitatu, akakiweka mbali kidogo.

"Miguu mingapi?"

"Mitatu."

"Usiseme unayoijua. Sema unayoiona."

Nikainama nikafumba jicho moja. "Miwili."

"Na wa tatu umekwenda wapi?"

"Uko nyuma."

"Umevunjika?"

"Haujavunjika. Mimi ndiye siuoni."

Nikaelewa mara moja, furaha ikanipanda mpaka kichwani penye upara. "Mjomba! Kumbe kama mama! Simwoni, lakini yupo!"

Mjomba alikigeuza kigoda, akakigeuza tena, akawa anapapasa mguu mmoja kana kwamba ameona ufa. Baadaye akasema, "Chora, mama. Chora magurudumu mawili, hayo mengine yatakuwepo."

Tangu siku hiyo alikuja karibu kila jioni. Kwa mkono wake mkavu aliushika wangu, akanionyesha kwamba gurudumu si duara tupu bali lina unene, kwamba boneti linalala na kioo kinasimama, kwamba turubai halikai kama ubao, linalegea katikati na kubana penye kamba. Mtu aliyekuwa hana maneno alianza kuongea. Nikimuuliza habari za mama, alisema, "Anakusalimia." Nikimuuliza lini amekwenda kumwona, alisema, "Juzi." Nami niliamini, kwa kuwa juzi ya watu wazima ni ndefu.

Kiangazi kikaanza, na Landrova ikakamilika. Ilikuwa kubwa, imechukua ukuta kutoka mlangoni hadi pembeni. Ilikuwa na tairi la akiba juu ya boneti, taa mbili nyuma ya wavu, bampa lililopinda. Mjomba aliitazama, akasema, "Hii sasa inaweza kupanda mteremko." Majirani walikuja kuiona. Bibi alikileta kigoda chake akakaa anaitazama kwa muda, halafu akaingia ndani kupika.

Haikupita muda mrefu nikasikia mngurumo.

Sijui niwaelezeje furaha ile. Nilikimbia nikipiga vigelegele ambavyo sikuwa na umri wa kuvipiga. "Mama amerudi! Mama amerudi!" Kijani ileile, bampa lilelile. Iliingia uani ikasimama mbele ya picha yangu, gari mbele ya gari. Nikazunguka nyuma, nikafunua turubai kwa mikono miwili. Ndani mlikuwa na masanduku ya dawa, na debe la petroli. Nikapanda, nikatazama chini ya benchi.

Issa dereva, ambaye hakujua nimelichora kwa sababu gani, alikuwa anacheka mbele ya ukuta. "Nani kamchora huyu kizee wangu? Mpaka bampa!" Bibi alikuwa amekaa chini, kanga imemfunika uso.

Dresa alikuwa amekuja kutupima. Aliyekaa nyumba moja na mgonjwa alitakiwa kuangaliwa ngozi. Akawatazama mjomba, bibi, kisha mimi, na juu ya mkono wangu akakuta baka dogo la mviringo. Akalibonyeza, akakunja uso, akasema afadhali wanipeleke hospitali wakaliangalie vizuri. Bibi akapiga ukunga: "Basi na huyu! Nibakizieni hata huyu!" Mimi nilikuwa naruka. Nilikuwa na baka kama la mama. Nilikuwa nakwenda kwa mama, na ndani ya Landrova.

Mjomba alipanda pamoja nami. Tulikaa kwenye benchi la chuma, chini ya turubai, penye harufu ile. Nilishangaa kwamba ukiwa ndani ya gari gari lenyewe hulioni. Unaona nyumbani kwenu kunavyokuwa kudogo. Tulipoanza kuteremka mteremko nilimshika mjomba mkono, nikamsimulia nitakayomwambia mama: kuhusu chawa, kuhusu jongoo, na kwamba nitamdai kile alichokificha mgongoni.

"Somoe," mjomba akasema.

"Naam, mjomba."

"Unaiona mikorosho ile?"

"Naiona."

"Imekua."

Kisha, "Somoe."

"Naam."

"Shika chuma, tunakaribia kona."

Tulifika hivyo. Hospitalini dresa alinikalisha kwenye benchi, akaniambia nifumbe macho. Alinigusa baka kwa unyoya wa kuku. "Unasikia?" Nilisikia vizuri sana, lakini nilikuwa nimemwona mtu aliyetutangulia: aliposema hasikii, walimwambia atabaki. Nikasema, "Sisikii." Akanigusa tena. "Sisikii." Mjomba akashusha pumzi nzito. Halafu dresa akachoma kwa sindano, nami nikaruka nikagonga ukuta.

"Mwongo mkubwa wewe!" dresa akasema, anacheka kwa furaha. "Hii ni choa tu. Tutampa dawa ya kupaka, nendeni nyumbani."

Mjomba akashika kichwa kwa mikono yote miwili, akamshukuru Mungu. Mimi nikaanza kulia kwa sauti. "Sitaki choa! Nataka la mama!"

Kilio kile kilimtoa mwanamke mmoja kwenye nyumba za wagonjwa. Alikuja akichechemea, vidole vyake vimejikunja, akasimama mbali kidogo kama walivyofundishwa. Akaniangalia, akaweka mkono kifuani.

"Huyu hahitaji kuulizwa ni wa nani," akasema. "Mama Somoe mtupu. Nimelala naye chumba kimoja. Pole, mwanangu. Pole sana."

"Mama yangu yuko wapi?"

Mwanamke akamtazama mjomba. "Hamjamwambia?"

Mjomba wangu, mtu yule mrefu, alichuchumaa palepale, akainamisha uso magotini. Mwanamke akakaa chini kwenye mchanga, akaniambia yeye. Alisema mama alikuwa anapona ule ugonjwa uliomleta, kila mtu aliona. Kikaja kichomi, na kichomi hakikungoja. Alisema walimfunika vizuri, na kwamba mvua ilinyesha wakati wa kumzika.

"Uongo," nikasema. "Mjomba ameniletea salamu zake juzi."

Mjomba hakuinua uso. "Salamu zile zilikuwa zangu, mwanangu. Zote zilikuwa zangu."

Nikashika kichwa changu. Nywele zilikuwa zimeanza kurudi, fupi, ngumu. Nikakumbuka nilivyowacheka, na bibi alivyolia na wembe mkononi, nikaelewa yote kwa pamoja, na kuelewa kulikuwa kuzito kuliko mtungi wowote niliowahi kupanda nao mteremko. Sikumlilia mjomba. Nilikwenda kwenye Landrova nikaanza kuipiga mateke. Nilipiga tairi, nikapiga mlango. Issa alitaka kunizuia, yule mwanamke akamwambia, "Mwache, bwana. Chuma hakiumii."

Nilipochoka nilibaki nimeliegemea, na hapo likanijia jambo lililonitisha kuliko kifo chenyewe. Nilikuwa nimejifunza kila kipande cha gari lile. Ningeweza kulichora nimefumba macho. Lakini nilipofumba macho kumtafuta mama, niliona kona ya kanga. Uso haukuja. Nikamwambia mwanamke yule, kwa sababu alikuwa karibu na kwa sababu hakuwa amenidanganya, "Simkumbuki alivyo."

Nyumbani kwetu hatukuwa na kioo, wala picha. Mwanamke akainuka kwa shida, akanielekeza kwa mkono wake uliojikunja nisogee mbele ya gari, mahali palipofungwa kioo kidogo cha dereva cha kutazamia nyuma. "Tazama humo," akasema. "Ukitaka kumwona, tazama humo."

Nikasimama kwa vidole vya miguu. Humo kiooni mlikuwa na mtoto mwenye kichwa kilichonyolewa, makamasi yamemfika mdomoni, macho mekundu. Sikuwahi kumwona. Nilimtafuta mama ndani ya sura yake, nikatafuta, mpaka kioo kikafunikwa na pumzi yangu.

Sikumwona siku ile. Alikuja baadaye sana, nimeshaolewa, nina nyumba na kioo changu mwenyewe ukutani. Asubuhi moja ninafunga kilemba, nikainua macho, naye yumo, amenitazama kama alivyonitazama alipopeleka mikono mgongoni. Nilikuwa nimefikia umri wake. Miaka ile nilikuwa na mama tena. Watoto wangu waliniona najitazama, wakanitania kwamba mama yao ana maringo, nikawaacha waseme. Nilimwonyesha kanga mpya. Nilimwonyesha wajukuu zake, nikiwainua mmoja mmoja mbele ya kioo. Lakini yeye alikuwa amekomea pale alipokomea, na mimi nilikuwa naendelea. Mikunjo ikaanza, meno yakapungua, mashavu yakaingia ndani. Nikampita. Mama akaondoka mara ya pili, polepole, mvi kwa mvi, na safari hii hapakuwa na gari la kuchora.